Samaa ya Bwana Harusi

Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Bi Hamda amepiga magoti stoo, nyumbani kwake Nizwa, Oman, kiganjani ana kipande cha chuma cheusi, na mlangoni nyuma yake mtu anapumua.

Hakugeuka. Aliijua pumzi ile.

"Thabit, hiki kimefikaje humu?"

Mdogo wake akarudi hatua nyuma.

"Nakuuliza! Kizibo cha samaa ya baba kimefikaje ndani ya sanduku lako?"

Msomaji usiyeijua samaa, ni bunduki ya jeshi la Waingereza, ya zama za babu wa babu zetu, inayotiwa risasi moja moja. Ukivuta wenzo wa chini, kizibo kinashuka, unatia risasi. Ukirudisha wenzo, kizibo kinapanda na kuziba nyuma ya mtutu. Baruti ikiripuka, hicho kizibo ndicho kinachosimama baina ya moto na uso wa mpigaji.

Bila kizibo, bunduki ile haina maana. Na samaa ya baba yao ilikuwa mjini Adam, mikononi mwa Laith, mchumba wa Wijdan binti wa Bi Hamda, tayari kwa arusi ya leo. Bi Hamda mwenyewe ndiye aliyeitoa zawadi.

Sasa kama kizibo kiko hapa, kule kumetiwa nini?

"Nimetia chengine," Thabit alisema.

"Chengine kipi?"

"Cha bandia. Fundi wa sokoni kanimiminia. Shaba, kaipaka rangi nyeusi." Akasogea karibu. "Nilidhani wataitundika ukutani, Dada. Wallahi, nilidhani wataitundika!"

"Kwa nini, Thabit?"

"Kwa sababu ya baba! Umeitoa kama kanzu kuukuu. Hukuniuliza. Nikasema basi, mwili uende, roho yake ibaki kwetu."

Bi Hamda alisimama. Akakibana kizibo kiganjani.

Ukuta mzima wa sebule yake ulijaa bunduki za zamani: za utambi, za gobori, za askari waliokwisha kuoza makaburini. Alizikusanya tangu ujane wake, kwa leseni, kwa jasho, na kwa matusi ya jamaa waliosema mwanamke gani huyu. Lakini ya kwanza ilikuwa samaa ya baba. Mzee yule alirudi kutoka Unguja hana kitu, Kiarabu chake kimevunjika, watu wanamwita Zinjibari, mgeni wa Zanzibar. Akanunua samaa sokoni Nizwa apate kusimama katika mstari wa wanaume siku za razha, ngoma ya mapanga na bunduki, acheze nao, apige nao, aonekane ni mtu wa hapa. Bi Hamda, kitoto cha miaka saba, ndiye aliyekuwa akimpakia mafuta.

Aliijua bunduki ile kama anavyoujua mkono wake. Akajua pia nini kitatokea shaba ile ikikutana na baruti.

Itachanika. Itarudi nyuma. Machoni.

"Alasiri imeshasaliwa," alisema. "Watatoka uwanjani sasa hivi. Bwana harusi ndiye anayefungua kwa kupiga."

Akampigia Laith. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akampigia Mzee Nasr, baba yake Laith. Hivyo hivyo.

"Dada, ukiwapata usiwaambie cha bandia," Thabit alimshika mkono. "Sema ina kutu. Sema chochote. Tutaaibika!"

"Aibu haijapata kumtoa mtu macho. Washa gari."

*

Wijdan alipokea mara ya kwanza. Alikuwa Adam tangu asubuhi, nyumbani kwa shangazi yake Laith, anapambwa.

"Mama, mimi niko na makiyaji, siwezi kusema sana."

"Mwanangu, sikiliza. Mtume mtu kwa Laith sasa hivi. Asiipige ile bunduki."

"Bunduki gani tena?"

"Ya babu yako. Itamripukia usoni."

Nyuma yake wanawake walikuwa wakiimba na kupiga vigelegele.

"Mama, khalas, basi."

"Wijdan..."

"Khalas, ya mama! Mwanzo ulisema hawa watu wa bara, sisi hatuoani nao. Baadae ulisema Adam mbali. Leo ni siku yangu, unasema bunduki. Kila siku kitu mpya!"

"Naapa kwa Mungu, mwanangu."

"Hata siku ile uliapa. Ulisema Laith ana mke mjini Sohar."

Bi Hamda alikumbuka. Kweli aliapa. Na mke wa Sohar hakuwepo. Alimzua mwenyewe, kwa sababu wazee wake Laith walitoka Tabora wala si Unguja, na yeye alijiona bora. Zawadi ya samaa ilikuwa ndiyo njia yake ya kuomba radhi bila kulitamka neno.

"Wijdan, safari hii..."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, ilikuwa imezimwa.

*

Thabit aliendesha kama mwendawazimu. Walipita Firq, wakaingia barabara ya Adam, mitende ikabaki nyuma, mbele ardhi tupu nyeupe inayopiga macho.

"Piga polisi," Bi Hamda aliamuru. "Wao wako hapo hapo Adam, watafika kabla yetu."

Thabit akachukua simu yake, akaiweka sikioni. Akaeleza kwa Kiarabu: arusi, uwanja wa razha, bunduki mbovu, bwana harusi aitwa Laith bin Nasr. Akashukuru. Akaiweka simu mapajani.

"Wanatuma gari."

"Alhamdulillahi."

Kidogo moyo ukatulia. Akafungua simu yake kutazama saa, akaona dada yake Laith ametia video mtandaoni. Akaifungua.

Laith huyo, kanzu nyeupe, jambia kiunoni, kilemba kimekaa sawa. Samaa ya baba mikononi. Jamaa mmoja anashindilia baruti ndani ya ganda la risasi, anacheka.

"Tia tena!" Laith alisema kwenye video. "Bunduki ya mama mkwe lazima isikike mpaka Nizwa!"

Akaibusu kitako.

Bi Hamda aliiziba midomo yake kwa kiganja. Kijana ambaye yeye alimkataa mara mbili. Kijana aliyemzulia mke. Anaibusu.

"Wapigie tena polisi. Waulize wamefika?"

"Watakuwa wamefika, Dada."

"Wapigie!"

"Naendesha."

Bi Hamda akaichukua simu mapajani mwake. Akatafuta namba ya mwisho kupigwa.

Ilikuwa ya mke wake Thabit. Asubuhi.

Polisi hakuwapigia. Alikuwa akizungumza na simu isiyo na mtu.

"Simamisha gari."

"Dada, watanifunga! Silaha ya leseni, nimeichezea, watanifunga! Nina watoto wadogo!"

"Na yeye ni mtoto wa nani? Simamisha!"

Gari likasimama pembeni, kokoto zikaruka. Bi Hamda alishuka, akazunguka, akafungua mlango wa dereva.

"Shuka, Thabit."

"Utaniacha hapa? Kwenye jua hili?"

"Shuka kabla sijakuchukia."

Akashuka. Alisimama ukingoni mwa barabara, mikono imening'inia, kama mtoto aliyefukuzwa chuoni. Bi Hamda hakumtazama kwenye kioo. Alipiga polisi mwenyewe, huku anaendesha, machozi yanamziba njia. Sauti ya upole ikamjibu, ikaandika kila kitu. Gari litatumwa, ikasema, lakini liko upande wa pili wa wilaya. Ajaribu kuwapata watu wa arusi.

"Hawanipokei!" alipiga kelele. "Hakuna anayenipokea!"

*

Ngoma alizisikia kabla hajauona uwanja.

Aliliacha gari mlango wazi. Uwanjani mistari miwili ya wanaume ilikabiliana, mapanga juu, bunduki begani, mashairi yanakwenda na kurudi. Wanawake walikuwa mbali, nyuma ya ukuta. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja uwanjani, wala hapajapata kuwa.

Bi Hamda akaingia.

"Mama! Mama, huku wanaume!" Mtu mmoja alimkingia mkono. Akapita chini yake.

"Laith!"

Ngoma ziliimeza sauti. Laith alikuwa mwanzo wa mstari, mgongo kwake. Alirudisha wenzo. Klak! Bi Hamda aliusikia mlio ule kupita ngoma zote, kwa kuwa alikua nao. Kizibo kimepanda. Risasi iko ndani.

Laith akainua bunduki mbinguni.

Bi Hamda hakuita tena. Alikimbia, buibui limemkamata miguu, kiatu kimoja kimebaki mchangani, akamrukia mkono akauning'inilia kwa uzito wake wote.

"Usipige! Usipige, mwanangu! Itakuua!"

Ngoma za upande ule zikakatika. Wanaume wakabaki wameduwaa.

"Mama Hamda?" Laith alikuwa mweupe. "Nini? Wijdan ana nini?"

"Wijdan mzima. Ondoa kidole hapo. Ondoa, nakuomba."

Akakiondoa.

Mzee Nasr alikuja kwa fimbo yake, kilemba kimelegea kwa joto. "Sister Hamda, kuna problem gani?"

Bi Hamda alimtazama mzee yule. Tangu siku ya posa hajampa shikamoo. Alikuwa akimsalimu kwa Kiarabu, juu juu, kama anavyosalimiwa mwenye duka.

"Shikamoo, Mzee Nasr."

"Marahaba." Mzee alishangaa.

Bi Hamda akafungua kiganja. Kizibo kilikuwa kimemwachia alama nyekundu, kwa jinsi alivyokibana njia nzima.

"Hiki ndicho cha kweli. Kilicho ndani ya bunduki ni cha bandia. Shaba tupu. Angepiga, kingemrudia usoni."

Minong'ono ikapita mistari kama upepo kwenye makuti. Zawadi ya bandia. Zinjibari wametoa zawadi ya bandia.

"Nani kakibadilisha?" Laith aliuliza.

Jina la Thabit lilifika kwenye ulimi. Bi Hamda akaliona lile umbo lake barabarani, mikono imening'inia. Watu hawa walikwisha kumdhania yeye mabaya. Hakuona faida ya kuwapa mtu wa pili.

"Mimi," alisema.

Laith alirudi nyuma hatua moja. "Ungeniua, mama."

"Najua."

"Ulinichukia kiasi hicho?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Bi Hamda alitamani ardhi ipasuke imchukue mbele za watu wote wale.

Mzee Nasr alinyoosha mkono. "Nipe hiyo bunduki, Laith."

Akavuta wenzo. Risasi ikatoka, akaitia mfukoni. Kisha akamsogezea Bi Hamda bunduki ikiwa wazi.

"Tazama."

Bi Hamda akatazama. Akatia kidole, akapapasa.

Chuma.

Chuma cha kweli, cha kijivu, kingo zake zimelika kwa umri. Si rangi, si shaba. Akakikwaruza kwa ukucha. Kikabaki vile vile.

"Sifahamu," alinong'ona.

Mzee Nasr akainama karibu, asisikiwe na wengine.

"Niliona siku ile ile mliyoileta. Nimeipaka mafuta, rangi ikabaki kwenye kitambaa. Nikaipeleka kwa fundi, akanitafutia kizibo original kwenye vyuma vyake vya zamani. Hii bunduki haina problem, sister. Iko sawa kabisa."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Watoto wanapendana. Laith mwenyewe sikumwambia. Niliona hayo yafe hapa." Akajigusa kifua. Macho yake yalikuwa na huzuni, si hasira, na hilo ndilo lililomkata Bi Hamda maini. "Sasa umeyatangaza mwenyewe, mbele ya Adam nzima. Nitawaambia nini hawa watu?"

Watu wa bara, Bi Hamda alikuwa akiwaita. Watu wa bara hawana ustaarabu.

Alitaka kupiga magoti. Alitaka kuishika mikono ile ya mzee na kuibusu. Lakini macho yake yalikuwa bado ndani ya bunduki, na katikati ya fedheha ile wazo moja likamjia, baridi, likampanda mgongoni.

"Mzee Nasr. Na kile cha shaba? Ulikitupa?"

"Nilimwachia fundi."

"Kwa nini?"

"Alikiomba. Alisema ana samaa nyingine haina kizibo, mtu akiitaka ya kutundika atamuuzia."

"Fundi yupi, baba?" Ni Laith aliyeuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Yule wa Nizwa, karibu na soko la mbuzi."

Laith aligeuka polepole, akautazama mwisho wa mstari, mbali kule, upande ambao ngoma hazikunyamaza hata kidogo.

"Thuwaini," alisema.

Thuwaini ni mdogo wake, tumbo moja.

"Thuwaini kafanya nini?" mzee aliuliza.

"Kanunua samaa juzi. Pale pale. Alikuficha wewe, alitaka kutushangaza. Alisema kesho kutwa tunasimama wawili, bunduki sawa sawa, mimi mwanzo wa mstari na yeye mwisho."

Fimbo ilimwanguka Mzee Nasr.

"Thuwaini!" aliita. "Thuwaini! Weka chini!"

Sauti ya mzee haikufika popote. Watu wa mwisho wa mstari hawakujua lolote. Waliona tu shughuli imechelewa, wakachoka kungoja. Kiongozi wao alikwisha kuinua panga juu. Bunduki zikaanza kuinuka, moja baada ya moja.

Laith alikimbia. Bi Hamda alikimbia nyuma yake, mguu mmoja peku, mchanga unamuunguza, anapunga kizibo hewani kama mtu anayepunga ufunguo.

"Hapana! Hapana, jamani!"

Wakati huo huo pikapu ya mbuzi ilisimama ukingoni, upande ule wa mwisho. Mwanamume mmoja akaruka kutoka nyuma yake, kichwa wazi, kanzu imejaa vumbi la barabara. Alitazama huku na huku kama aliyepotea, anamtafuta bwana harusi.

Hatua chache mbele yake Thuwaini alivuta wenzo atie risasi.

Jua likapiga ndani ya bunduki. Kitu kikang'aa, cha manjano, pale rangi nyeusi ilipokwaruzika. Risasi ikaingia, wenzo ukarudi.

Mtu mmoja tu katika uwanja ule aliijua shaba ile kwa kuiona, kwa kuwa ndiye aliyeiagiza.

Bi Hamda alimwona Thabit akiruka. Aliona mikono yake miwili ikiikamata bunduki, na kijana akivutana naye asijue mtu huyu nani na anataka nini. Aliona panga la kiongozi likishuka.

Bunduki zote zikalia kwa pamoja.

Moshi wa baruti ukatanda, mzito, mweupe, ukafunika mstari mzima. Ngoma zikakatika moja baada ya moja, mpaka ikabaki moja, nayo ikanyamaza. Laith alisimama, hajui aelekee wapi. Bi Hamda akaingia ndani ya moshi, mikono mbele.

"Thabit!"

Akazidi kuingia, anapapasa.

"Thabit, mdogo wangu! Niitikie!"

Ndipo sauti ikatoka chini, karibu kabisa na miguu yake.

"Dada," ilisema. "Sioni. Dada, sioni kitu."